Ua Lipo, Hewa Bado Nzito: Namna ya Kutafuta Chanzo

Nauza maua ya nyumba kando ya barabara hapa Kisumu. Nikisema maua nina maana ya mmea wowote wa chungu, uchanue usichanue, kwa kuwa ndivyo tunavyoyaita huku. Swali ninaloulizwa kila siku baada ya bei ni moja: "Mama, lipi linasafisha hewa?" Zamani nilikuwa nikinyoosha kidole tu kwenye sansevieria, ile ya majani marefu yaliyosimama kama panga, mteja analipa na kwenda zake. Siku hizi dhamiri hainiruhusu. Namrudishia swali: huko nyumbani kuna nini? Moshi? Harufu? Kikohozi? Ukuta unatoa maji? Kila dalili ina chanzo chake, na vyanzo vingi ua haliwezi kuvigusa. Haya ndiyo ninayowaeleza wateja wangu.

Anza na kitambaa cheupe

Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe kidogo, upanguse jani moja pana la ua lililokaa ndani wiki mbili bila kuguswa. Kipeleke mwangani.

Ukiona wekundu au kahawia, hilo ni vumbi la barabara. Weusi unaong'ang'ania vidoleni ni masizi, na masizi hayana kwao kwingine ila moto: jiko, koroboi, au takataka anazochoma jirani. Unato wa manjano ni mafuta ya kukaangia yaliyopaa na kutua. Unga mweupe unaorudi siku chache baada ya kupangusa ni kuvu linaloota kwenye jani lenyewe.

Mimi huliamini jani kwa sababu halina haya. Mwenye nyumba atakuambia hapikii ndani, jani litaonyesha. Hii ndiyo kazi ya ua ninayoithamini zaidi, kwamba linashika kipitacho hewani na kukuwekea ushahidi pale ulipo. Ila jani linaonyesha vile vinavyoonekana tu. Chembe zinazoumiza mapafu zaidi ni zile za mikroni 2.5 kushuka chini, nyembamba kuliko unywele wa kichwa mara 30 hivi. Hizo hupita puani bila kuzuiwa na kushuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Kwa hiyo kitambaa kikitoka cheusi, jua kwamba uliouvuta ni mwingi kuliko ulioufuta.

Nina maua matano na harufu haijaisha

Lawama hapa ni ya habari iliyosimuliwa nusu. Mwaka 1989 mtafiti wa NASA, shirika la Marekani la safari za anga, aitwaye Bill Wolverton alitoa ripoti ya majaribio yake. Aliweka maua ndani ya visanduku vilivyofungwa kabisa, akaingiza gesi kama benzini na fomaldehidi, na baada ya saa 24 gesi hizo zilikuwa zimepungua. Udongo na bakteria wa kwenye mizizi walichangia sana. Hayo ni kweli. Kilichopotea njiani ni lile neno "vilivyofungwa". Nyumba yako ina upenyo chini ya mlango, ina mwanya kati ya ukuta na mabati, na hewa inaingia na kutoka siku nzima.

Mwaka 2019 Bryan Cummings na Michael Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walizipitia tafiti za miaka mingi na kupiga hesabu upya. Ili maua yaweze kuondoa gesi hizo kwa kasi ile ile ambayo hewa inayopishana ndani ya jengo huziondoa yenyewe, yanatakiwa kati ya maua 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Tuipeleke hesabu hiyo kwenye bedsita ya mita 3 kwa 3. Ni mita 9 za mraba, yaani vyungu 90 kwa uchache kabisa. Utalala wapi? Nami nauza maua, ningefurahi kukuuzia 90, lakini ningekuwa nakuibia.

Basi harufu yako inatoka wapi? Kama ni ya rangi, uliza kama fundi alitumia rangi ya mafuta. Hiyo hukauka kwa kuachia kiyeyushi hewani, tofauti na rangi ya maji ambayo harufu yake ni ndogo na huisha upesi. Kama ni ya kabati au kitanda kipya cha plaiwudi au mbao za kubandikwa, mara nyingi kinachonuka ni gundi iliyo ndani, nayo hutoa fomaldehidi kidogo kidogo kwa miezi. Joto huizidisha. Ndiyo maana mchana wa Kisumu, mabati yakiwaka, chumba kilichofungwa huwasha macho kuliko asubuhi. Acha fanicha mpya nje kivulini siku kadhaa kabla ya kuiingiza. Ikishaingia, fungua madirisha mawili yanayotazamana, maana dirisha moja haliivuti hewa ipasavyo. Kama unahamia, omba rangi ipakwe wiki mbili kabla.

Na kama harufu ni ya kitu kilichooza na unatumia gesi, acha kusoma. Gesi ya mtungi hutiwa harufu hiyo makusudi ili uijue inapovuja. Funga mtungi, fungua mlango na madirisha, usiguse swichi ya stima, usiwashe kiberiti, watoe watu nje.

Macho yanawasha, majani yana masizi

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo walipo wengi wetu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani. Shirika hilo hilo linasema nyumba isiyopitisha hewa inaweza kuwa na chembe za moshi mara 100 ya kiwango kinachokubalika. Ukiwa na jiko la kuni chini ya paa la mabati lisilo na tundu, hakuna ua, liwe kangaga liwe mshubiri, litakalokufanyia lolote. Majani yenyewe yatazibwa na masizi, mwanga usiyafikie, na ua litaanza kudhoofika. Nimeona maua ya jikoni huko Nyalenda yakigeuka kijivu kwa mwezi mmoja.

Fuata mpangilio huu. Kwanza, je, moto wenyewe unaweza kutoka nje? Jiko la makaa la udongo na bati ni jepesi. Liwashie nje, moshi wa mwanzo uishie huko, na upikie hapo hapo mvua isiponyesha. Pili, kama lazima upikie ndani, moshi unapitia wapi kwenda nje? Moshi hupanda, kwa hiyo tundu la juu ya ukuta lina maana kuliko dirisha la chini. Mwambie mwenye ploti. Matofali mawili kutolewa chini ya paa si gharama ya kumkosanisha mtu na mpangaji. Tatu, unapika nini kwa muda gani? Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha yanaiva upesi zaidi, na kila nusu saa uliyoipunguza ni moshi ambao hukuuvuta. Sufuria funika. Kuni ziwe kavu, kwa sababu kuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto kidogo.

Kisha angalia vyanzo ambavyo watu hawavihesabu kuwa moshi. Koroboi ya mafuta ya taa. Ubani. Na ile dawa ya mbu iliyozungushwa kama konokono. Watafiti waliochunguza dawa za namna hiyo kutoka China na Malaysia walitoa matokeo mwaka 2003: kipande kimoja kikiungua chote kinaweza kutoa chembe laini nyingi sawa na sigara 75 hadi 137. Nilipoambiwa hivyo nilikuwa nimezoea kukiwasha kila jioni chini ya kitanda cha watoto. Kando ya ziwa malaria haina mchezo, kwa hiyo siwezi kukuambia uache kujikinga. Nakuambia ulale ndani ya neti yenye dawa, iliyochomekwa vizuri chini ya godoro, na chumba kibaki bila moshi.

Wa upande wa Muhoroni na Chemelil wana jambo lao: miwa ikichomwa shambani kabla ya kukatwa, majivu meusi huelea na kuangukia nguo na vyungu. Siku hiyo, na siku hiyo tu, ndiyo namwambia mtu afunge madirisha. Moto ukizima na upepo ukigeuka, fungua tena.

Kichwa kinauma kila asubuhi, na si mtu mmoja

Dalili hii usiitafutie ua. Itafutie jiko.

Nakuru iko juu, mita 1,850 hivi kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai baridi inauma. Dada yangu anaishi huko, na nimeona kwake na kwa majirani zake desturi ile: ugali ukishaiva, jiko la makaa huingizwa chumbani lipashe joto, mlango unafungwa, nguo inazibwa chini ya mlango. Makaa yakishakuwa mekundu hayatoi moshi, na mtu hudhani yamekuwa salama. Hata wakati huo yanatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hushikamana na hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, kwa nguvu inayopita ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili unakosa hewa huku mtu anapumua kama kawaida.

Zitazame dalili zikija pamoja: kichwa kugonga, kizunguzungu, kichefuchefu, magoti kulegea, akili kuchanganyikiwa. Alama kubwa ni mbili. Wote waliolala chumba hicho wanaumwa kwa wakati mmoja, na wakitoka nje wanapata nafuu. Wengi huenda kupimwa malaria, wanakuta hawana, wanarudi kulala na jiko lile lile.

Ukishuku, toeni watu wote nje kwanza. Usibaki ndani kutafuta kilichosababisha. Nendeni hospitali hata kama kichwa kimetulia, hasa mwenye mimba na watoto, na mseme waziwazi kwamba jiko la makaa lilikuwa chumbani, maana mhudumu asipoambiwa anaweza asiwaze hilo. Usiku unaofuata, jiko lilale nje. Ongezeni blanketi, chupa ya maji moto miguuni, soksi. Dada yangu alikuwa na sansevieria mbili kando ya kitanda akiamini zitavuta ile gesi. Nilimwambia ukweli: hazivuti kiasi cha kumwokoa hata kuku.

Kikohozi kilizidi tangu maua yaingie

Hili lilinipata mimi mwenyewe. Mtoto wangu wa pili alikuwa akikohoa usiku, kifua kikipiga filimbi. Nilikuwa na bidhaa mkononi, kwa hiyo nilimzungushia kitanda vyungu 11. Ilikuwa Aprili, mvua kila alasiri, nami nikimwagilia kila asubuhi kama ninavyofanya kwenye kibanda changu juani. Baada ya wiki tatu mtoto alikuwa hapumziki. Kwenye kliniki tuliyokwenda sikuulizwa kuhusu maua hata kidogo. Niliulizwa: mnapikia wapi, analala wapi, na ukuta wa chumba ukoje? Nikarudi nyumbani nikauangalia ukuta nyuma ya vyungu. Ulikuwa na madoa meusi ya kuvu toka sakafuni hadi kiunoni, na juu ya udongo wa vyungu kulikuwa na utando mweupe kama pamba. Nilikuwa nimemlaza mwenye pumu ndani ya bustani ya kuvu.

Siku hiyo hiyo vyungu vyote vilihamia barazani, na jiko likahamia nyuma ya nyumba. Ukuta niliusugua kwa maji ya sabuni, nikaukausha, nikaacha kitanda kikae mbali nao. Kikohozi kilishuka, na usiku wa kwanza aliolala mpaka asubuhi nililia.

Kwako angalia hivi. Chomeka kidole kwenye udongo mpaka kifundo cha pili. Kikitoka na tope, usimwagilie. Hewa ya Kisumu ina unyevu wa ziwa, na chungu cha ndani hakikauki kama cha nje. Sansevieria ndani ya nyumba hutosheka na maji mara moja kwa wiki mbili au tatu. Chungu kiwe na matundu chini, na udongo uchanganywe na mchanga ili maji yashuke. Samadi mbichi usiiingize ndani kamwe. Utando mweupe ukitokea, kwangua udongo wa juu, utupe, weka mkavu, na usogeze chungu penye mwanga. Hao nzi weusi wadogo wanaoruka ukigusa jani wanazaliana kwenye udongo huo huo uliolowa, ukikauka, wanakwisha.

Lakini kama ukuta unatoa maji hata bila chungu karibu, tatizo ni paa linalovuja, au nguo zinazoanikwa ndani, au maji yanayopanda kutoka kwenye msingi. Na kama nyumbani kuna mwenye pumu, ua moja au mawili sebuleni yanatosha. Chumba chake cha kulala kibaki bila ua.

Mbu wameongezeka

Inua chungu utazame sahani ya chini. Maji yaliyotuama hapo wiki nzima yanatosha yai la mbu kuwa mbu mzima. Mwaga kila unapomwagilia, au jaza sahani mchanga. Vile vile chupa zile za kuoteshea pothosi, lile ua linalotambaa, kwenye maji juu ya meza: badilisha maji mara mbili kwa wiki, na uisugue chupa kwa ndani, kwa sababu mayai ya baadhi ya mbu hunata kwenye ukuta wake.

Ncha za majani zimekuwa kahawia

"Limevuta sumu ya hewa," wateja huniambia, na wengine hufurahi, wakiona ni ushahidi kwamba ua linafanya kazi. Dada yangu naye alinitumia picha ya mmea wa buibui, ule wa majani marefu membamba, kutoka Nakuru, ncha zote zimeungua, akiwa na furaha hiyo.

Ni maji. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floridi nyingi, hiyo hiyo inayotia meno ya watu wa huko rangi ya kahawia. Mmea wa buibui na jamii ya drasena haziivumilii. Floridi hupanda na maji mpaka nchani mwa jani na kukaa hapo. Kuchemsha hakuiondoi, kunaizidishia makali kwa kuwa maji hupungua nayo inabaki. Kinga maji ya mvua, umwagilie hayo. Ncha zilizoungua hazirudi kijani, zikate kwa mkasi na usubiri majani mapya. Huku Kisumu nikiona ncha kahawia huuliza kwanza kuhusu mbolea iliyozidi au ua lililosahauliwa bila maji.

Usiku maua hayatatumalizia oksijeni?

Hapana. Ua hupumua usiku kama kiumbe kingine, lakini kiasi chake ni kidogo mno. Mtu mmoja hutoa karibu kilo 1 ya kaboni dioksidi kwa siku. Kama unamvumilia mwenzako kitandani, utamvumilia mshubiri. Tena mshubiri na sansevieria hufungua matundu ya majani usiku na kuivuta kaboni dioksidi wakati huo, ili zisipoteze maji juani. Chumba kikiwa kizito asubuhi, hesabu watu waliolala humo na utazame kama kuna upenyo wowote.

Mtoto ametafuna jani

Difenbakia, ua la majani mapana yenye madoa, na pothosi zina fuwele kali za kalsiamu oksaleti zinazochoma mdomo na ulimi. Msuuze mdomo, mpe maji au maziwa baridi, usimtapishe. Ulimi ukivimba au akishindwa kumeza au kupumua, mkimbize hospitali na ubebe jani lenyewe. Mwenye mtoto anayetambaa simuuzii hayo mawili; mmea wa buibui hauna madhara hayo.

Nimefanya yote, hewa bado imesimama

Mwezi uliopita mteja wa Manyatta aliniita kwake. Alikuwa amehamishia jiko nje, hana rangi mpya, udongo wa vyungu ulikuwa mkavu sawasawa, majani yamepanguswa yanang'aa. Bado sebule ilikuwa nzito, na shuka zilinuka. Nilizunguka mara mbili kabla sijaona. Vyungu saba, vizuri kuliko vyangu, vilikuwa vimepangwa kwenye kizingiti cha dirisha pekee linalotazama upande wa ziwa, na kitasa cha dirisha lile kilikuwa na utando wa buibui. Halikuwa limefunguliwa tangu Krismasi.

Tulishusha vyungu, tukavipanga sakafuni umbali wa hatua moja kutoka ukutani, mwanga ukivifikia. Kitasa kilihitaji mafuta kidogo. Ilikuwa saa tisa alasiri, saa ambayo upepo wa ziwa huingia mjini, na tulipofungua mlango wa nyuma pazia liliinuka likasimama hewani.